Blanketi la Shangazi Raheli

Basi lilisimama Hedaru siku ya gulio, na Respicius akateremka mkono mmoja ukiwa nyuma ya suruali na mwingine ukishika mkoba. Msumari wa kiti ulikuwa umemchana kuanzia mfukoni hadi karibu na goti. Hedaru yote ilikuwa barabarani siku hiyo. Malori ya mkonge yalikuwa yakipiga honi, Wamaasai wamesimama na mbuzi wao, na wanawake wa mlimani wamepanga ndizi na maharage hadi ukingoni mwa lami. Kila aliyepishana naye alipata kitu cha kutazama.

Barazani kwa Kassimu, muuza vitambaa, aliketi msichana mbele ya cherehani. Alivaa gauni la maua ya njano na kitambaa cheupe kichwani, na midomoni amebana sindano. Alimtazama kijana huyo anavyotembea kiubavuubavu kama kaa, akaitoa sindano.

"Karibu, kaka. Nikushonee suruali au gauni?"

"Unaona gauni hapa?"

"Kwa upepo unaoingia huko nyuma, sikuwa na hakika."

Baraza zima lilicheka, na Kassimu alicheka kuliko wote. Respicius akapewa kanga ajifunge, akasimama nyuma ya pazia akiwa amefura. Suruali ikapita chini ya sindano.

"Wewe si wa huku," alisema msichana bila kuinua kichwa.

"Umejuaje?"

"Mpare angeshona mwenyewe, senti ibaki nyumbani."

"Mimi Mhaya. Natunza stoo kwenye shamba la mkonge hapo chini."

"Mhaya! Na mpaka sasa hujasema hata neno moja la Kiingereza. Au limetokea kwenye huo mchaniko?"

Hapo hasira zilimwishia, akacheka hadi pazia likatikisika. Suruali ilirudi ikiwa imeshonwa vizuri hata huwezi kujua ilichanika wapi, naye akaondoka na jina: Yudith, binti wa Mzee Eliufoo wa Bombo, anayeishi na shangazi yake hapo Hedaru kwa ajili ya kazi ya kushona.

Wiki iliyofuata kifungo cha shati lake kilikatika. Baada ya hapo ikawa kola, kisha mfuko, kisha kifungo tena. Nguo za mtu mmoja hazichakai namna hiyo, na Kassimu, aliyekuwa na macho, alianza kumwekea kiti.

Palipokuwa hakuna kifungo, palikuwa na simu. Ofisi ya shamba ilikuwa nayo moja na duka la Kassimu lilikuwa nayo moja, na kila neno lilipitia Same, kwa Honorata wa posta, aliyeunganisha waya kisha akasahau kutoa sikio.

"Yudi wangu, umenikumbuka?"

"Nikukumbuke vipi, na juzi ulikuwa hapa? Kukumbuka kunataka nafasi."

"Basi nisije Jumapili, upate nafasi."

"Thubutu. Nimekwisha loweka mahindi ya makande."

"Bwana Respicius," Honorata aliingia, "muda wako umekwisha. Lakini malizeni tu, hakuna mwingine anayesubiri."

Ulikuwa mwaka uliofuata Azimio. Shamba lilikuwa limekwisha kuwa mali ya umma, na ukutani mwa ofisi palibandikwa maandishi makubwa: Uhuru na Kazi. Ukuta wa pili ulibaki na kalenda ya Mbelgiji, fundi mkuu wa mitambo, mzungu pekee aliyeombwa asiondoke kwa sababu mashine zilimsikia yeye. Kalenda ilikuwa na picha ya mji wa kwao, Ostende, mji wa pwani. Palikuwa na mchanga mpana, vijumba vyeupe vya mbao vimepangwa mstari, na watu wameketi kwenye viti vya turubai wakitazama maji ya kijivu.

"Hawa wanangoja nini?" Respicius alimuuliza siku moja.

"Hawangoji kitu. Ijumaa tunafunga kazi, tunapanda treni, tunakwenda. Jumapili tunarudi."

"Mnakwenda kufanya nini?"

"Hatufanyi lolote. Tunakaa."

Jambo hilo lilimwingia Respicius akashindwa kulitoa. Alikuwa amelelewa seminari, ambako hata kupumzika kulipigiwa kengele. Siku mbili za kukaa tu, na Yudith pembeni! Alilibeba wazo hilo hadi barazani kwa Kassimu.

"Twende Tanga," alimwambia. "Jumamosi tupande treni, tukae baharini, Jumatatu turudi."

"Tanga kuna mgonjwa?"

"Hakuna."

"Msiba?"

"Hakuna msiba, mpenzi."

"Harusi?"

"Tunakwenda kukaa tu. Tutazame maji."

Yudith alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Mtu anapanda treni, analipa nauli, anaacha kazi, ili akakae? Balozi wa nyumba kumi akisikia atatuita wanyonyaji. Na tutalala wapi?"

"Kwa Sylvester, yuko bandarini. Ni wa ukoo wetu. Nimempigia simu, amefurahi, mkewe anaandaa chumba. Wewe utalala na mkewe, mimi sebuleni."

"Ndugu yako wa ukoo," alirudia Yudith polepole. Akalianzisha gurudumu tena, lakini hakuwa akishona kitu.

"Nimepanga yote. Tupandie Same, hapa Hedaru kuna macho mengi."

"Na shangazi?"

"Nitamwona mwenyewe. Sikuchukui kama mwizi."

Jumapili hiyo alikwenda kwa Shangazi Raheli, nyuma ya reli, akiwa na sukari na blanketi chini ya kwapa. Lilikuwa zuri, zito, la kijivu lenye mistari myekundu, kutoka yale ya stoo yaliyouzwa shamba lilipobadilisha mmiliki. Alilichukua kwa sababu moja tu. Mara ya mwisho alipokuja, bibi huyo alilalamika kwamba amezaliwa Bombo penye ukungu, akashuka na baridi yake mifupani, na usiku kiuno chake hakipati joto.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Na hilo?"

"Ni lako, Mama. Halafu nilitaka kuomba ruhusa. Jumamosi nataka kumchukua Yudith, twende Tanga kwa ndugu yangu."

Bibi alilipokea blanketi kwa mikono miwili, akalikunjua lote, akatoka nalo uani akamwita jirani aje aone. Wanawake wawili wakalishika pembe wakilipima uzito. Kisha akachinjwa kuku. Respicius alikula paja akiwaza kwamba watu hawa, pamoja na maneno yote yanayosemwa juu ya mikono yao ya birika, wana shukrani sana kwa kitu kidogo.

Lo, Respicius! Kuuliza si ujinga, na pale barazani kwa Kassimu hata mpita njia angemwambia. Kwa watu wa Bombo wa wakati ule, kijana anayempelekea shangazi wa msichana blanketi amekwisha sema yote. Shangazi akilikunjua mbele ya shahidi, amekwisha jibu. Kinachobaki ni kijana kumchukua msichana kimya kimya hadi kwa ndugu zake, baba akijifanya hajui, kisha wazee wa kijana wapande mlima na pombe kusema: msimtafute, yuko kwetu. Makanisa yalikemea, na watu waliitikia amina, wakaendelea. Msichana aliyetoka hivyo hurudi akiwa mke wa mtu. Akirudi peke yake, blanketi hurudishwa, baba huinamisha kichwa kila anapopita, na hakuna shangazi atakayekunjua jingine kwa ajili yake.

Yudith alijua hayo yote, na ndiyo maana alikuwa akiimba. Alijua vilevile kwamba mpenzi wake ni mtu wa mbali, lakini alimwona ameleta blanketi, ametaja ndugu, ametaka waondokee Same kwa siri kama inavyotakiwa. Aliamini ameelekezwa na mtu. Alijisifu moyoni kwamba amempata mwanamume anayejua adabu za watu. Shangazi Raheli akatuma habari mlimani, na Mzee Eliufoo, baada ya kukohoa sana, akatenga mbuzi.

Siku ya Jumamosi jua lilikuwa limewaka Same na vumbi jekundu limepanda hadi kwenye maua ya stesheni. Respicius alikuwa na mkoba mdogo wenye taulo na shati moja. Ndani ya kichwa chake alibeba kitu kizito zaidi. Wiki hiyo Mbelgiji alikuwa amemletea habari kwamba ombi la masomo waliloliandika pamoja limekubaliwa, na yeye Respicius atapelekwa Ubelgiji kusomea mitambo, miaka miwili. Alikuwa amefurahi hadi akakumbuka kwamba atamwacha Yudith. Basi alipanga kumwambia Yudith baharini, wakiwa wametulia, na kumwomba amngoje. Ndiyo kazi aliyoipa bahari ya Tanga.

Basi la kutoka Hedaru likasimama nje ya stesheni. Yudith aliteremka akiwa na gauni jipya jeupe alilolishona mwenyewe, lenye vifungo vidogo vya bluu hadi shingoni. Utingo akapanda juu ya paa, akashusha sanduku la bati la kijani, kisha bunda la matandiko, na mwisho, kwa uangalifu mkubwa, cherehani iliyofungwa ndani ya kanga.

"Umependeza," Respicius alisema. Macho yake yalikuwa kwenye cherehani.

"Na wewe umebeba mkoba tu? Au vingine umetanguliza?"

"Yudi, hii cherehani ya nini? Jumatatu tunarudi."

"Nani anarudi?"

"Sisi."

Alicheka, akidhani anataniwa. Kisha akamtazama usoni na kicheko kikamkauka.

"Respi, si ulileta blanketi?"

"Nilileta. Alisema anasikia baridi."

"Hukuambiwa na mtu?"

"Niambiwe nini kuhusu blanketi?"

Akamweleza. Alimweleza kwa maneno machache, akiwa amesimama, sauti ya chini, kama mtu anayemtajia daktari panapouma. Respicius aliketi juu ya sanduku la kijani bila kukaribishwa.

"Sikujua. Yudi, naapa sikujua."

"Naona hukujua. Sasa umejua. Unasemaje?"

Hapo ndipo alipoitoa habari ya Ubelgiji. Ilitoka vibaya, mwisho ukitangulia mwanzo: hawapokei mtu na mkewe, miaka miwili si mingi, alitaka kumwambia wakiwa baharini, wametulia.

"Kwa hiyo ilikuwa bahari ya kuagana."

"Ya kukuomba uningoje!"

"Ningekungoja. Wiki iliyopita ungesema, ningekungoja hata minne. Lakini leo nitakungojea wapi? Kwa shangazi aliyewaonyesha majirani? Kwa baba aliyetenga mbuzi? Nikirudi na sanduku hili, nitakuwa mwanamke aliyerudishwa kabla hajafika."

"Nitakwenda kuwaeleza."

"Utawaeleza kwamba lilikuwa blanketi la kiuno?"

Mbali, upande wa Moshi, moshi wa treni ulionekana.

"Basi iko njia moja," Yudith alisema, na sasa alikuwa ameketi naye juu ya sanduku, mabega yamegusana. "Yaache masomo. Twende Tanga kama tulivyopanga, tukakae huko kwenu kwa Sylvester, halafu utafute wazee wapande Bombo. Utaniacha mimi au utaacha Ubelgiji?"

Respicius aliinamia viatu vyake. Alimpenda, hilo nalisema bila kigugumizi, maana nimemwona kijana huyo akikata vifungo vya shati lake kwa wembe. Lakini alinyamaza. Mchukuzi alipita na toroli tupu, akafika mwisho wa jukwaa, akarudi na magunia, na Respicius bado alikuwa akitazama vidole vya viatu vyake. Alipofungua kinywa treni ilikuwa imekwisha kuingia.

"Nitayaacha," alisema.

"Umefikiri sana."

"Ni jambo la kufikiri, Yudi."

"Ni kweli. Na mimi nilifikiri kabla ya kufunga sanduku. Lakini mimi nilifikiri nikiimba." Akasimama, akakung'uta gauni lake jeupe. "Ukiyaacha hivyo, mpenzi wangu, kila mashine ikiharibika hapo shambani utanigeukia mimi. Sitaki kutazamwa namna hiyo hadi uzee. Nisaidie sanduku."

Alimsaidia. Alipandisha sanduku, bunda na cherehani, na alipotaka kupandisha mguu wake mwenyewe, Yudith aliweka kiganja kifuani pake.

"Usipande, Respi."

"Yudi."

"Usipande. Nakuomba."

Wapo wanaume ambao wangepanda. Wangesukuma kile kiganja na kuingia, wakagombana hadi Korogwe, na pengine leo wangekuwa na wajukuu. Respicius alifundishwa kutii, akatii. Alibaki jukwaani na taulo lake mkobani, treni ikamwacha.

Treni ikashuka kando ya milima, ikapita Makanya na mkonge wake, ikakaribia Hedaru. Yudith alikuwa amesahau. Katika yote aliyoyafikiria tangu Same, hakukumbuka kwamba njia ya Tanga inapita nyumbani. Aliposikia vigelegele alijua kabla ya kuchungulia.

Shangazi Raheli alisimama jukwaani na wanawake wenzake, amevaa gauni la kanisani. Jua lilikuwa kali hata mbwa walikuwa wamejificha, naye alikuwa amejitanda blanketi la kijivu lenye mistari myekundu, jasho likimtiririka mashavuni, akiwa amejaa furaha.

"Mwanangu! Hebu nikuone. Na mwenzio yuko wapi?"

Mikono ya wanawake wote ilikuwa dirishani. Yudith alilitazama blanketi. Kusema ukweli pale kulikuwa ni kulivua mabegani mwa bibi yule mbele za watu.

"Yuko behewa la nyuma, Shangazi. Anapanga mizigo."

"Mume mwema huyo, anapanga mizigo mwenyewe. Mwambie silali na baridi tena."

"Nitamwambia."

"Usilie, mwanangu. Kila mtu hulia siku hii."

Treni ikaondoka, vigelegele vikaisindikiza hadi kwenye kona. Yudith alifika Tanga. Hakwenda kwa Sylvester. Aliketi mchangani jioni moja akatazama maji, ili ajue ni kitu gani kilichomgharimu hivyo, na hakuona kitu. Kesho yake alitafuta baraza lenye nafasi ya cherehani.

Sylvester alisema kwa simu kwamba hakuna mgeni aliyefika. Respicius alingoja, kisha akampigia Kassimu, na Kassimu akampongeza kwa kuoa. Akadhani anasutwa. Jumapili ya kwanza aliyopata moyo alikwenda nyuma ya reli, amekusudia kupiga magoti na kueleza yote.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mkwe wangu! Ingia, ingia. Umechelewa kuja kutusalimu, lakini najua siku za mwanzo zilivyo. Mwanangu hajambo?"

Alimtazama yule bibi. Blanketi lilikuwa mapajani mwake, limekunjwa vizuri, na kiganja chake kilikuwa juu yake kama mtu aliyempakata mjukuu.

"Alituambia ulikuwa behewa la nyuma," Shangazi aliendelea. "Nilitaka kukuona, lakini treni hizi hazina subira. Sasa amewekwa ndani kwa ndugu zako? Vema. Mwacheni anenepe. Wazee wa Bombo wanawangoja wa kwenu wapande, msikawie sana."

Respicius akaelewa. Alielewa uongo ulikuwa wa nani, na kwamba Yudith alikuwa amemwacha humo behewa la nyuma ili baba yake asiinamishe kichwa. Angeweza kuubomoa kwa sentensi moja. Ulikuwa kitu cha mwisho walichobaki nacho wawili, yeye na Yudith, wakikishika pembe huku na huku.

"Hajambo, Shangazi," alisema. "Anawasalimu sana. Wazee watapanda."

Sahani ya makande ikaletwa. Shangazi Raheli alijisogeza karibu, maana katika umri wake wote hakuwahi kufika pwani.

"Niambie basi. Hiyo bahari ikoje?"

Respicius alitafuna muda mrefu. Yeye pia hakuwahi kuiona. Alisema mchanga ni mpana, na maji ni ya kijivu, na upepo una baridi. Alisema kuna vijumba vyeupe vya mbao vimepangwa mstari, na viti vya turubai vya kukalia.

"Pana baridi?" Shangazi alishangaa. "Ningewapa hili blanketi. Na siku zote hizo mlifanya nini huko?"

"Hatukufanya lolote, Shangazi. Tulikaa tu."

Bibi alitikisa kichwa, akitabasamu, akivuta blanketi hadi kiunoni.

"Kama mnaweza kukaa tu, mtazeeka pamoja," alisema, akamwongezea makande.